Nyuma Kulia

Jana, kwenye kiplefti cha Barka,
nilikanyaga breki nikakanyaga godoro.
Mguu ulikwenda, ukazidi kwenda, kama mgeni
anayeulizia nyumba iliyohamwa zamani,
na lori la maji mbele yangu likanenepa.
Nikapampu. Mara ya pili pedali ikakumbuka kazi yake.
Watoto hawakujua. Bi Shinuna alijua:
aliacha kutafuna halua.

Fundi wa Sanaiya, kwenye simu, hakuuliza hata swali.
"Masta silinda. Riali themanini. Lete."
Nassor, yuko Duqm, akasema, "Mpelekee tu,"
halafu mtandao ukamla.
Na Ijumaa ni harusi ya Ghaniya, Jabali Akhdar.
Kupanda si neno, gari hupanda kwa ubishi.
Kushuka ndiko kunakotaka ukweli.

Basi alfajiri, jua halijaanza kutoza kodi,
nikaiwasha Prado uani,
nikaweka mguu, nikakandamiza, nikahesabu hadi thelathini.
Laini, lakini haikuzama.
Ingezama polepole, ningemwamini yule wa themanini.
Nikapampu mara tatu: ikapanda, ikakaza.
Upepo, basi.
Mafuta hayabaniki, upepo hubanika,
na umeingia mahali.

Nikazima injini, nikalala chini, tochi mdomoni.
Mbele kushoto, pakavu.
Mbele kulia, pakavu; mpira haukuvimba, haukuchanika.
Nyuma kushoto, vumbi tupu, rangi ya ukuta wetu.
Nyuma kulia
vumbi limelowa, limeganda kama kashata.
Nikaishika nipeli kwa vidole viwili.
Ikazunguka.

Nani kaiacha hivi?
Nilitaka awe wa Sanaiya. Nilitaka awe Nassor.
Lakini Ramadhani, kumi la mwisho, ni mimi
niliyekuwa nabadilisha pedi, nimeilegeza nipeli
pistoni irudi, mara adhana ya magharibi,
na sambusa zanukia mpaka chini ya gari.
Nikaweka spana, nikasema narudi.
Nikarudi baada ya tarawehe, nikafunga tairi.
Tairi tu.
Wiki saba nimewapeleka watoto shule
juu ya ile "narudi".

Kutoa upepo kunataka watu wawili.
Watoto wamelala, na miguu yao mifupi.
Akatoka Bi Shinuna na kanga zake za kusalia,
miaka sabini na tatu, mama mkwe wangu,
hajapata kukaa upande wa usukani tangu azaliwe.
Akapanda. Akatengeneza kioo kwanza.

"Kanyaga, Mama."
"Nimekanyaga."
Nafungua. Mrija unakohoa mapovu,
mafuta meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.
"Usiachie!"
"Siachii. Kelele za nini?"
Nafunga. "Achia."
"Nimeachia."
Kanyaga. Shikilia. Achia.
Kila mara ya nne nainuka kujaza chupa
isije ikameza upepo mpya,
naye ananitazama kupitia kioo cha mbele
kama dereva anavyomtazama mtu anayevuka ovyo.

Mara ya tisa, mapovu madogo kama ufuta.
Mara ya kumi na tatu, hakuna.
Mrija umejaa, kimya, rangi ya asali.
Nikaikaza nipeli. Nikaikaza tena.
Nikaweka kidole juu yake, nikangoja, kikatoka kikavu.

"Imekuwa ngumu," akasema kabla sijamuuliza.
"Mwanzo ilikuwa inanisikiliza tu.
Sasa inanijibu."

Jua limeshafika kwenye tangi la maji juu ya paa.
Nimerudisha tairi, nimeshusha jeki,
mikono yangu yanuka mafuta, namfungulia mlango:
"Shuka, Mama, nikaijaribu mtaani, polepole."
Hakushuka. Mikono miwili kwenye usukani,
macho kwenye ukuta wa ua, mbali nyuma ya ukuta.

"Ngoja," akasema.
"Nifike kwanza."